Simba Hakutoroka

Simba aliyeingia Rongai nikiishi huko sikumwona. Nilimsoma. Ilikuwa Julai 2021, saa za asubuhi za kugombania matatu, na kikundi cha WhatsApp cha ploti yetu, ambacho kazi yake ya kila siku ni kuuliza kama maji yamerudi, kikachangamka ghafla. Mtu alituma video inayotetemeka. Mwingine akauliza kama landilodi atamtoza simba deposit. Wa tatu akasema Rongai ni mbali mpaka simba naye ameshindwa kufika tao. Mimi nikaandika kwamba makanga amemshusha steji isiyo yake kwa kukosa nauli. Nilipata vicheko 17, idadi kubwa kuliko watu wote waliowahi kuniandikia kuhusu makala yangu yoyote. Maafisa wa KWS walimlaza simba kwa sindano ya usingizi, wakamchukua, na kikundi kikarudi kwa mambo ya maji.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za simba wa mitaani kama mtu anavyosoma hadithi za mapenzi au za upelelezi, yaani kama utanzu. Unajua mapema itakavyoanza na itakavyoisha, na raha yake ni kuona leo wamebadilisha nini. Simba anaonekana mahali pasipo pake. Watu wanapiga mayowe, halafu wanapiga picha. Askari wanafika. Simba anarudishwa mbugani au anapigwa risasi. Kesho yake kuna mwenye utani na kuna mwenye kuomboleza, na kesho kutwa hakuna kitu. Utanzu huu naupenda, siwezi kukataa. Ila kuna neno moja ndani yake ambalo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Neno lenyewe ni kutoroka. “Simba aliyetoroka mbugani.” Utalisikia kwenye redio, utalisoma kwenye simu, utalisikia kwa mtu wa nduthi. Sasa tuulize kama wanafunzi wa sarufi: nani hutoroka? Mfungwa hutoroka. Mwanafunzi wa bweni hutoroka. Mtumwa alitoroka. Mpangaji mwenye deni la miezi mitatu hutoroka usiku na godoro kichwani. Kila anayetoroka amewekwa mahali na mtu, na pana mlango ambao hakuruhusiwa kuupita.

Mbuga ya Nairobi ilitangazwa mwaka 1946. Ina ukubwa wa kilomita 117 za mraba, na ua wake umezunguka pande tatu tu. Upande wa kusini hakuna ua, kuna Mto Mbagathi, na mto huo simba anauvuka bila kuvua viatu. Pakaachwa wazi kwa sababu mbuga yenyewe haijawahi kutosha. Mvua ikinyesha, punda milia na nyumbu hutoka kwenda kulisha nyanda za Kitengela na Athi-Kapiti, na wakati wa kiangazi hurudi kwenye maji. Simba huwafuata. Kwa hiyo mnyama anayevuka Mbagathi usiku anafanya kile ambacho mama yake alifanya, na nyanya yake. Kilichobadilika ni kwamba sasa ng'ambo ya mto kuna ploti za hamsini kwa mia, kuna nguzo za stima, kuna kibao cha kanisa, kuna mimi.

Ndiyo maana nasema kitenzi hiki ni hukumu iliyojificha. Kinaifanya ploti ionekane kama kitu kilichokuwepo tangu dunia iumbwe, na simba ndiye aliyejisogeza. Na kabla hujadhani nataka kuwahubiria waliouza mashamba yao, hapana. Aliyeuza alikuwa na karo ya kulipa na ng'ombe waliokufa kwa ukame. Mimi mwenyewe nililala kwenye ardhi hiyo kwa kodi ya kila mwezi na nilishukuru. Nachosema ni kwamba kitenzi kikikosewa, hadithi nzima inaanza na mguu usio wake, na kila anayesimulia baadaye anachechemea vilevile.

Utanzu huu una baba yake. J. H. Patterson, mhandisi aliyeletwa kujenga daraja la reli juu ya Mto Tsavo mwaka 1898, alitoa kitabu chake kuhusu simba wala watu mwaka 1907. Nilikisoma mwaka niliouacha chuo, kwa sababu hakina tena hakimiliki na mtandaoni ni cha bure, na mwaka ule cha bure ndicho nilichoweza. Nitasema ukweli: kinasomeka. Patterson anajua kungoja. Anakuweka juu ya mti gizani mpaka miguu yako inakufa ganzi pamoja na yake. Kama kazi ya kutisha, wengi wanaoandika habari za simba leo hawamfikii.

Lakini angalia nani ana uso ndani yake. Simba walikuwa wakiingia kwenye mahema ya wafanyakazi wa reli, na mahema yale, ukifikiria vizuri, ndiyo yalikuwa mtaa wa kwanza wa hadithi hizi: watu wamepangwa karibukaribu, wametoka mbali kutafuta kazi, na ua wa miiba ndio mlinzi wao. Patterson anataja Wahindi 28 waliouawa. Kuhusu Waafrika anasema walikuwa wengi na hakuna aliyeweka hesabu yao rasmi. Anasema hivyo na kuendelea na safari. Baadaye ikaja idadi ya 135, na dunia ikaipenda kwa sababu inajaza bango la filamu. Watafiti waliopima mifupa na nywele za simba wale mwaka 2009 walikadiria takriban watu 35. Mimi kinachonisumbua si tofauti ya 35 na 135. Ni ile sentensi ya Waafrika wasiohesabiwa, iliyowekwa pale kama kikombe kitupu mezani.

Na kuna jambo ambalo sikulitarajia. Baada ya simba wote wawili kuuawa Desemba 1898, wafanyakazi walimpa Patterson bakuli la fedha na shairi refu la Kihindustani lililotungwa na mmoja wao, fundi aitwaye Roshan. Tafsiri yake imo kwenye kitabu. Unajua iko wapi? Mwisho kabisa, kwenye nyongeza. Mtu aliyelala ndani ya hema ambalo simba angeweza kulichagua usiku wowote, aliyejua jina la aliyechukuliwa jana, ameandika kazi yake mwenyewe juu ya tukio hili, tena ya kishairi, na imepewa nafasi ya mahali ambapo watu huweka orodha ya vifaa. Shairi lenyewe ni la kumsifu bwana mkubwa, sawa, ndivyo zawadi za namna hiyo zilivyokuwa. Lakini ndilo andiko la mkazi. Kitabu kizima ni cha mwindaji, na mkazi amekaa ukumbini akingoja kuitwa.

Filamu ya 1996, The Ghost and the Darkness, haikumwita. Ilipigwa Afrika Kusini. Simba wake wana manyoya makubwa shingoni, wakati wale wa kweli, ambao ngozi zao zilijazwa na kuwekwa kwenye jumba la makumbusho la Field huko Chicago, hawakuwa nayo. Wakaongezewa na Mmarekani wa kubuni, Michael Douglas, ili Val Kilmer asiwe peke yake porini. Nilipoiona mara ya kwanza nikiwa mtoto, kwenye chumba cha video cha shilingi kumi, niliogopa kwenda choo cha nje kwa wiki nzima. Nilipoirudia juzi niliogopa kitu kingine: jinsi nilivyokuwa nimejiweka upande wa bunduki bila kuulizwa.

Turudi Nairobi, mji uliozaliwa na reli hiyohiyo mwaka 1899. Mwaka 2016 ulikuwa mwaka wa simba. Februari walionekana Lang'ata. Machi mmoja alijikuta Barabara ya Mombasa, magari yanapiga honi, watu wanatoa simu, na mzee mmoja akajeruhiwa. Wapo waliosema kelele za ujenzi ndizo zilizowasumbua, na kwa kweli miaka michache baadaye reli mpya ilipita juu ya mbuga kwa daraja la takriban kilomita sita. Halafu Machi 30 ikaja ile ya Isinya. Simba dume alizungukwa na umati, akamjeruhi mtu mmoja, askari wakampiga risasi nyingi mbele ya kamera.

Simba huyo alikuwa na jina, Mohawk, kwa ajili ya mtindo wa manyoya yake. Nilikuwa kidato cha pili, na nakumbuka picha zake ukurasa wa mbele. Maombolezo yalikuwa makubwa. Watu waliandika tanzia za kweli, wengine kwa uzuri wa lugha ambao hawakuwa wamewahi kumwandikia mtu aliyekufa ajalini. Sisemi walikosea. Kumpiga risasi simba aliyezungukwa ni jambo la aibu, na swali la kwa nini timu yenye sindano ya usingizi haikuwahi kufika lilikuwa swali la haki. Ila soma tanzia zile leo kama maandishi. Simba ana jina, ana tabia, ana mtindo wa nywele. Umati hauna kitu. Ni “umati”, ni “watu wa bodaboda”, ni “wajinga waliomchokoza”. Aliyejeruhiwa anaonekana kwenye nusu sentensi kama sababu ya risasi. Inaelekea tanzia nyingi ziliandikwa mahali penye lifti (sina ushahidi wa anwani zao, ni pua ya msomaji tu).

Jina linafanya nusu ya kazi ya hadithi. Joy Adamson alilijua hilo. Simba jike wake, Elsa, alikuwa maarufu kuliko karibu kila mtu wa nchi hii mwaka 1960 kitabu kilipotoka. Na hadithi ya simba ikishazoeleka namna hiyo huwa tayari kuvaliwa na tukio lolote, kama nguo ya kuazima. Adamson mwenyewe alipokutwa amekufa Shaba, Januari 1980, habari ya kwanza ilikuwa kwamba ameuawa na simba. Baadaye ndipo polisi wakasema majeraha ni ya chombo chenye makali, na mtu akahukumiwa. Kwa muda mfupi simba alibeba kesi ya binadamu, na watu waliamini kwa urahisi.

Tofautisha na Kitengela, Juni 2012. Simba sita, wakiwemo majike na watoto, waliingia kwenye mbuzi wa watu na wakauawa kwa mikuki. Ilikuwa habari kubwa kwa siku chache. Hakuna hata mmoja kati ya wale sita aliyebaki kwenye vinywa vyetu kwa jina, na hakuna aliyeandika tanzia ya mbuzi. Na hapo hatuzungumzii mbuzi wa nyama choma. Tunazungumzia karo ya muhula wa pili ikiwa na miguu minne.

Nikiulizwa ni hadithi gani ya kuchekesha iliyo bora kwenye utanzu huu, sitasita: ile ya Kinyana, Meru, mwaka 2022. Mtu aliona simba amejificha kwenye ua wa boma, karibu na Mbuga ya Mlima Kenya. KWS waliitwa, wakaja na bunduki, wakanyemelea, na kumbe ni mfuko wa dukani wenye picha ya uso wa simba. Mwenye boma alikuwa ameutumia kuhifadhi miche yake ya parachichi isikauke. Dunia nzima ilicheka, magazeti ya ng'ambo yakaichukua. Lakini waliocheka waliikatia hadithi mwisho. Mtu yule hakuwa mjinga. Ukiishi kilomita moja kutoka mbugani na ukaona uso wa simba kwenye ua wako, jibu sahihi ni kupiga simu, na KWS wenyewe waliwashukuru wanakijiji. Kwangu mimi mfuko ule unasema zaidi kuhusu kuishi na simba kuliko filamu ya dola milioni: hofu yenyewe haiishi, na ndani ya hofu hiyo mtu bado anamwagilia miche.

Sasa weka mfuko huo kando ya sanamu ya Richard Turere. Huyu ni kijana wa Kitengela, aliyekuwa akichunga ng'ombe wa baba yake upande ule wa mbuga usio na ua. Mwaka 2013, akiwa bado mvulana, alisimama kwenye jukwaa la TED kule Marekani na kusimulia. Alijaribu moto kwanza, akaona unawamulikia simba njia ya kuingia zizini. Akajaribu sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba alikuja, akaiona, akarudi. Siku ya pili akaona mbona kitu hiki hakisogei, akaingia na kuua. Yaani simba aliisoma sanamu kwa siku mbili. Ni mhakiki kuliko sisi na mfuko wetu. Ndipo usiku mmoja kijana akitembea na tochi akagundua kwamba simba wanaogopa mwanga unaosogea, akaunganisha sola, betri kuukuu ya gari, indiketa ya pikipiki na balbu za tochi mbovu, taa zikawa zinawaka na kuzima kwa zamu kama mtu anayezunguka.

Nimeitazama hotuba ile mara nyingi kuliko inavyofaa. Ni ya dakika chache tu, Kiingereza cha kijana wa shule kisicho na mapambo, na kwa maoni yangu ndiyo simulizi bora ya simba iliyowahi kutoka pembeni mwa Nairobi. Inaanzia ndani ya boma. Inaanza na fahali mmoja aliyeuawa, fahali pekee wa nyumbani kwao. Msimulizi anasema wazi kwamba aliwachukia simba, na halisemi hilo kama dhambi ya kutubu. Hamna mwindaji, hamna mtalii, hamna askari. Kuna mtu na jirani yake mbaya.

Walioipa kichwa ndio waliokosea. Kichwa kinasema alifanya amani na simba. Msikilize tena: hakufanya amani na mtu. Aliwadanganya. Simba hakuelewana naye chochote, aliamini tu kwamba kuna mtu macho. Huu ni ujanja wa sungura mtupu, na ukishauona hivyo unaanza kukumbuka kwamba ngano tulizosimuliwa utotoni zilikuwa na maarifa ambayo magazeti yetu hayana. Kwenye ngano simba ni mkazi. Ana nyumba, ana wake, ana shamba, anakuja kwenye harusi, anachimba kisima na wenzake na kugombana juu ya maji. Ni mkubwa, ni mwonevu, ni wa kuogopwa, na hashindwi kwa bunduki bali kwa akili ya mdogo asiye na pa kwenda. Hakuna ngano hata moja niliyosimuliwa ambamo simba ametoroka. Angetoroka kutoka wapi?

Aprili 2025 simba alimchukua msichana wa miaka 14 kutoka makazi ya ranchi inayopakana na Mbuga ya Nairobi. Kijana mwenzake alipiga mayowe. Nyayo zilielekea Mto Mbagathi, na mwili wake ukapatikana huko. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema fidia ya kifo ni shilingi milioni 5, na waliowahi kudai fidia hiyo wanajua jinsi foleni yake ilivyo ndefu. Siku ile hakuna aliyetuma utani kwenye simu yangu. Nilipanda kwenye kikundi cha zamani cha ploti, ambacho nilikuwa sijakitoka ingawa nilihama, nikatafuta Julai 2021. Kichekesho changu cha nauli bado kipo. Vicheko 17.

Nilichokosea siku ile nadhani nakijua. Nilisimulia kama mtu wa ghorofani, huku ninalala chini, chumba cha pili kutoka getini. Mto ule uko karibu na nilikokuwa nikilala kuliko steji yenyewe.

Kulikuwa na mama aliyekuwa akituletea maziwa alfajiri kwa miguu kutoka upande wa Tuala, chupa zake kwenye gunia mgongoni. Hakuwa kwenye kikundi cha WhatsApp, kwa hiyo asubuhi ile ya 2021 hakuna aliyejua kama amefika salama, na nasikia haya kusema kwamba hakuna aliyeuliza pia. Mwezi uliopita nilienda Rongai kuchukua kitanda nilichokuwa nimemwachia jirani, nikakutana naye getini. Nikamwamkia, nikamuuliza kama anaikumbuka siku ya simba.

“Gani?” akasema.

Nikamwambia ile ya video.

“Aa, hiyo.” Akashusha gunia. “Hiyo mbwa hawakubweka. Mbwa wakinyamaza wote pamoja, mtoto wangu, usitoke. Nilikaa mpaka nikasikia mmoja amebweka, ndio nikatoka. Nilichelewa, mkanilalamikia maziwa.”

Nilikuwa mmoja wa waliolalamika. Akanipimia nusu lita bila kuniuliza, akasema bei imepanda.